Kufunga Pailoti ya Gesi Bila Kuunguza Nyusi

Umenunua oveni ya mkate ya mtumba. Vijana wa mkokoteni wameifikisha kibandani kwako Soweto East, Kibera, imepita mlangoni kwa shida, na sasa fundi anakuambia, "Pailoti hii inasumbua. Wacha niipitishe direct." Mwambie asubiri kidogo. Mpe chai, nawe usome hapa.

Pailoti ni kichomeo kidogo kinachokaa ubavuni mwa kichomeo kikuu. Moto wake ni kama kidole gumba. Ina kazi mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: kuwasha kichomeo kikuu. Ya pili ndiyo ya maana zaidi: kutoa ushahidi kwamba moto upo. Ushahidi ukikosekana, vali inakata gesi.

Shahidi mwenyewe ni themokapo. Ni kijiti chenye mkia mrefu wa shaba, na ncha yake hukaa ndani ya moto wa pailoti. Ncha ikishika joto hutoa umeme mdogo sana, milivolti 20 hadi 30 hivi. Umeme huo unatosha kushikilia sumaku ndani ya vali. Moto ukizimika ncha inapoa, sumaku inaachia, springi inafunga gesi. Hapo hakuna stima ya ukutani wala betri.

Fundi akisema "direct" anamaanisha kuifunga ile vali ibaki wazi, moto uwepo usiwepo. Piga hesabu ya chumba chako. Chumba cha futi kumi kwa kumi chenye mabati kwa futi nane kina kama mita za ujazo 22. Gesi ya mtungi huanza kuweza kulipuka ikifika asilimia 2 hivi ya hewa. Kilo moja ya gesi ikivuja inatosha kufikisha chumba kizima hapo. Kichomeo cha oveni ya kilowati 13 hutoa kilo hiyo kwa saa moja. Na kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa, inalala chini karibu na sakafu badala ya kusambaa. Kwa hivyo hata saa nzima haihitajiki.

Basi jibu kwa fundi ni hapana. Tuendelee na kazi.

Kabla hujafungua spana

Soma kibati cha mashine kwanza. Kipo nyuma au ndani ya mlango wa chini. Tafuta herufi G na namba. G30 ni buteni, G31 ni propeni, na gesi ya mtungi tunayouziwa Kenya ni mchanganyiko wa hizo mbili. G20 ni gesi asilia. Ukiona G20, mashine hiyo haijatengenezewa mtungi wako.

Hili si jambo la mbali. Oveni nyingi za mtumba zinatoka Ulaya, ambako gesi asilia hufika jikoni kwa bomba. Hata jirani zetu wa Dar es Salaam wana viwanda vinavyotumia gesi asilia ya Songo Songo tangu 2004. Mashine iliyofanya kazi vizuri huko, ikifika Kibera na jeti zake za zamani (vile vipande vyenye tundu la kupitishia gesi), itatoa moto mrefu wa manjano na masizi. Tundu la jeti ya gesi asilia ni kubwa mno kwa gesi ya mtungi.

Badilisha jeti zote, ya pailoti na za kichomeo kikuu. Usibadilishe moja ukaacha nyingine. Nunua jeti iliyoandikwa kipimo chake, usikubali iliyotobolewa kwa drili dukani. Tundu la jeti ya pailoti ya gesi ya mtungi ni dogo ajabu, mara nyingi kati ya milimita 0.2 na 0.35. Hakuna mkono wa binadamu unaotoboa hivyo sawasawa.

Kwa sababu hiyohiyo, usizibue jeti kwa sindano wala waya wa breki. Unaipanua bila kujua. Iloweke kwenye spiriti, kisha ipulize kwa hewa ya kompresa. Wale wa kujaza upepo matairi watakusaidia.

Angalia presha inayotakiwa. Oveni na mashine nyingi za chipsi hutaka milibari 28 hadi 37. Regyuleta ya kawaida ya nyumbani inatoa kiasi hicho. Ile regyuleta ya presha kubwa, yenye kishikio cha kuzungusha, ambayo watu hutumia kwa majiko makubwa ya sherehe, ni kitu kingine kabisa. Ukiifunga kwenye oveni yenye pailoti utaharibu vali ndani ya dakika chache, au moto wa pailoti utaruka mbali na themokapo na usishike kamwe.

Ukishaiwasha, pima presha mwenyewe. Huhitaji geji ya bei. Chukua hosi ya plastiki inayoonekana ndani, mita moja na nusu. Ipinde kama herufi U kwenye ubao, mimina maji hadi katikati, chora sentimita pembeni. Unganisha upande mmoja kwenye nipo ya kupimia iliyo kwenye vali ya oveni, kichomeo kikubwa kikiwa kinawaka. Upande mmoja wa maji utashuka, mwingine utapanda. Tofauti ya urefu kati ya pande hizo mbili ikiwa sentimita 30 hivi, una milibari 30. Kipimo hiki hakina betri ya kuisha, na hakidanganyi.

Mtungi na mabomba

Mtungi ukae nje. Hili halina mjadala kwa oveni ya biashara. Uwe kwenye kizimba cha nondo chenye kufuli, uwe wima, uwe juu ya saruji, mbali na mtaro. Katika Kibera mitaro ndiyo hatari inayosahaulika zaidi: gesi ikivuja inashuka humo kama maji na kutokea nyumba ya tatu, penye jiko la makaa la mtu asiyejua kitu.

Kama una kibanda kwenye yale maghorofa ya Soweto East Zone A yaliyokabidhiwa kwa wakazi mwaka 2016, uliza usimamizi kabla ya kutoboa ukuta wa kupitisha bomba. Kama uko kwenye nyumba ya udongo na mabati, pitisha bomba ndani ya kipande cha bomba kubwa zaidi pale linapokata ukuta, ili bati lisilikwaruze.

Kutoka mtungini hadi ukutani tumia hosi ya gesi yenye tarehe iliyochapwa ubavuni. Isizidi mita moja na nusu. Kutoka hapo hadi kwenye oveni tumia bomba la shaba au la chuma. Weka vali ya mkono mahali unapoweza kuifikia bila kuinama juu ya moto. Watu wengi huificha nyuma ya oveni, na siku ya moto hakuna anayeifikia.

Laini ya pailoti ni ya pekee. Kama vali yako ni ile iliyounganishwa yote pamoja, kama zile za SIT za Italia zinazopatikana kwenye oveni na mashine za chipsi, tundu la pailoti lipo tayari. Unafunga kibomba cha milimita 4 au 6 na umemaliza. Kama ni tanuri kubwa la vali tofautitofauti, chukua gesi ya pailoti kabla ya vali kuu, si baada yake, na uipe vali yake yenyewe. Pailoti lazima ipate gesi wakati kichomeo kikuu bado kimefungwa.

Kabla gesi haijafika kwenye vali, weka kipande cha bomba kinachoning'inia chini, kimezibwa mwisho. Uchafu, kutu na mafuta ya gesi hutua humo. Mtungi hutoa mafuta mengi kuliko unavyodhani, hasa unapokaribia kuisha, na tundu la milimita 0.2 halivumilii tone.

Kwenye nyuzi za bomba tumia tepi ya gesi, ile nzito, si ile nyembamba ya mafundi wa maji. Anza kuizungusha uzi wa pili, usianze wa kwanza, isije ikakatika na kuingia ndani ya jeti. Kwenye viungo vya kubana vya kibomba cha pailoti usitie tepi kabisa. Hapo chuma hubana chuma.

Pahali pa kuiweka

Hapa ndipo kazi hushinda au hushindwa, kwa hiyo usiharakishe.

Moto wa pailoti upite juu ya matundu ya kwanza ya kichomeo kikuu. Gesi kuu ikifunguliwa, ishike papo hapo. Ikichelewa hata sekunde tatu utasikia "bwuu" na mlango utatikisika. Mlio huo ni gesi iliyokuwa ikijikusanya. Sogeza pailoti karibu zaidi, milimita kwa milimita, hadi kichomeo kishike kimyakimya.

Isikae chini ya mahali ambapo mafuta au unga hudondoka. Isikae pahali ambapo moto mkuu unaizingira na kuinyima hewa. Isikae mkabala na mlango, kwa sababu upepo wa kichochoroni utaizima kila mtu anapoingia. Na uache tundu la kuchungulia. Pailoti usiyoiona hutaisafisha.

Ncha ya themokapo iingie kwenye moto milimita 10 hivi, ile sehemu ya juu tu. Ukiizamisha yote, inaungua mapema. Ikigusa moto kidogo mno, vali itaachia kila upepo ukipita. Ipitishe kwenye kishikio chake. Usiifunge kwa waya wa kujitafutia.

Nati ya themokapo kwenye vali, kaza kwa vidole, kisha robo mzunguko kwa spana. Basi. Ukikaza kwa nguvu za kufungua gurudumu la matatu utaponda ile sehemu laini ya ndani, na umeme hautapita tena. Mkia wa shaba uukunje kwa duara pana, usiuvunje kona.

Soma rangi ya moto. Unataka buluu iliyosimama imara, yenye ncha nyororo, ikikumbatia themokapo bila kelele. Manjano inayolegea maana yake hewa haitoshi: tundu la hewa limezibwa na vumbi, unga au utando wa buibui. Moto unaoruka na kunguruma, ukiacha nafasi kati yake na kichwa cha pailoti, ni presha kubwa mno au hewa nyingi mno.

Kuna jambo moja la Nairobi ambalo vitabu vya mashine kutoka ng'ambo havikuambii. Jiji liko karibu mita 1,700 hadi 1,800 juu ya bahari. Hewa hapa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko Mombasa. Oveni iliyopangwa kiwandani karibu na bahari, ikifika huku, inakosa hewa ya kuchoma gesi ileile. Kanuni ya mafundi wa Marekani ni kupunguza nguvu ya kichomeo asilimia 4 kwa kila mita 300 za kimo. Kwa vitendo: fungua tundu la hewa zaidi kwanza. Manjano ikikataa kuondoka, weka jeti ndogo zaidi hatua moja. Ukihamishia biashara Likoni, kule Mombasa, rudisha ya zamani.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Jaribu mvujo kabla ya moto. Sabuni ya kuoshea vyombo na maji, brashi, kila kiungo. Povu likikua, legeza, safisha, kaza upya. Kisha funga vali zote za oveni, fungua mtungi, funga mtungi tena, na uangalie maji kwenye ile hosi yako ya U kwa dakika 10. Tofauti ya pande mbili ikipungua kuna mahali panavuja hata kama sabuni haikuonesha. Kiberiti si kifaa cha kupima mvujo. Unacheka, lakini mtaani bado wapo.

Fungua mlango na dirisha. Inama unuse karibu na sakafu, si usawa wa pua yako. Gesi imetiwa harufu makusudi ili uijue. Ukinusa, usiwashe taa, usizime taa, usipige simu humo ndani. Funga mtungi, toka, subiri.

Hakuna harufu? Bonyeza kitufe, washa pailoti. Mara ya kwanza itachukua muda kwa sababu kuna hewa kwenye bomba. Ikishika, endelea kubonyeza sekunde 20 hadi 30. Achia taratibu. Ikibaki, ngojea dakika moja, kisha fungua kichomeo kikuu ukiwa umesimama kando, si mbele ya mlango. Nyusi zako bado unazitaka.

Isiposhika, funga na usubiri dakika tano kamili kabla ya kujaribu tena. Weka simu ikuhesabie. Dakika tano ni ndefu ukiwa na wateja mlangoni; ndiyo maana watu hujaribu baada ya sekunde ishirini, na ndivyo nyusi zinavyokwenda.

Sasa fanya majaribio mawili ambayo fundi mwenye haraka huruka. La kwanza: washa pailoti ishike, kisha uipulize izime. Sikiliza. Ndani ya dakika moja utasikia "kliki" kwenye vali. Hiyo ni sumaku ikiachia. Usiposikia, au ukisikia lakini pailoti ikashika tena kwa kiberiti bila kubonyeza kitufe, vali haikati, na oveni hiyo haioki mkate leo.

La pili hutumiwa viwandani na ni zuri hata kwa oveni yako. Punguza moto wa pailoti kwa skrubu yake hadi uwe mdogo kabisa lakini themokapo bado inashikilia. Sasa fungua kichomeo kikuu. Je, kimeshika mara moja? Vizuri. Kikichelewa, funga. Maana yake siku pailoti itakapochoka kidogo, vali itaamini moto upo na kuachia gesi ambayo moto huo hauwezi kuiwasha. Sogeza pailoti, rudia, kisha rudisha skrubu ilipokuwa.

Panga malipo na fundi mapema: nusu anapoanza, nusu baada ya kliki.

Ya umeme au ya themokapo?

Muuzaji atakuonesha oveni mpya zaidi, inayojiwasha kwa swichi. Haina pailoti ya kukaa ikiwaka. Cheche inapigwa, moto unashika, na kijiti cha chuma kinapima umeme unaopita ndani ya moto wenyewe. Ni teknolojia safi. Inakata gesi kwa sekunde chache badala ya dakika.

Lakini kijiti hicho kinahitaji stima inayotulia na waya wa ardhi wa kweli. Kama stima yako ni ya sambaza, ile ya kuvutwa bila mita, ardhi haipo, na volti zinapanda na kushuka kila jirani anapowasha pasi. Oveni itajizima katikati ya mkate, na utalaumu oveni. Kwa kibanda cha Soweto East, Laini Saba au Kawangware 46, mimi ningechagua themokapo bila kufikiri mara mbili. Ukiwa na mita yako ya halali na fundi wa umeme aliyefunga ardhi, chagua unayotaka.

Ubaya wa pailoti ya kukaa ni gesi inayokula. Pailoti ya wati 200 hutumia kama gramu 375 kwa siku nzima. Ukiiacha usiku na mchana, mtungi wa kilo 13 unaisha kwa siku 35 bila kuoka hata skonzi moja. Zima ukifunga duka. Funga na mtungi.

Kwa wanaotoka alfajiri kwa miguu kwenda Industrial Area: matanuri mtakayoyakuta huko ni makubwa, na themokapo haitoshi kwao. Dakika moja ya gesi ya kilowati 500 si mchezo. Huko hutumia kijiti cha kupima moto au jicho la miali ya urujuanimno. Utaratibu ni uleule lakini mashine inauongoza: feni inapuliza tanuri kwanza hadi hewa ya ndani ibadilishwe mara nne hivi, cheche inapiga, pailoti inapewa sekunde 10 hadi 15 ijithibitishe, ndipo vali kuu mbili zinafunguka. Ikishindwa, taa nyekundu inawaka.

Ukiwekwa kwenye tanuri kama hilo, shika jambo moja. Kitufe cha reset si cha kupiga-piga. Bonyeza mara moja. Ikikataa, acha feni imalize kupuliza, bonyeza mara ya pili. Ikikataa tena, mwite fundi wa zamu. Kila jaribio lililoshindwa linaacha gesi kidogo ndani, na msimamizi anayekuhimiza uendelee kubonyeza yeye amesimama ofisini.

Jicho la urujuanimno lisafishwe kwa kitambaa laini kila wiki. Masizi yakiliziba linaona giza. Kijiti cha cheche kiachwe na mwanya wa milimita 3 hadi 4. Ukipasuka ule udongo mweupe unaokishika, cheche hupotelea kwenye ufa badala ya kuruka penye gesi. Badilisha, usigundishe.

Ikisumbua

Pailoti inawaka lakini ukiachia kitufe inazima. Hili ndilo tatizo la kila wiki. Umebonyeza sekunde 30 kamili? Ncha imo motoni? Nati ni safi? Kama yote ni sawa, fungua nati, weka multimita, zile zinazouzwa Luthuli Avenue mjini zinatosha, kwenye milivolti. Gusa ncha ya nati na mkia wa shaba pailoti ikiwaka na kitufe kikiwa kimebonyezwa. Chini ya milivolti 15 badilisha themokapo. Ikisoma 25 na bado inazima, tatizo ni sumaku ya vali. Anza kila mara na themokapo. Ni ya bei ndogo na vali si ya bei ndogo.

Kwenye mashine ya chipsi kuna mtego. Laini ya themokapo hupitia swichi ya usalama inayokata mafuta yakipata moto kupita kiasi, karibu nyuzi 230. Pailoti ikizimika kila jioni wakati wa shughuli nyingi, usikimbilie themokapo. Huenda swichi inafanya kazi yake na kidhibiti cha joto ndicho kimekufa. Ukiipitisha direct hiyo swichi, mafuta yatawaka yenyewe.

Kumbuka pia mashine za Marekani: nyingine hutumia kijiti kinene kinachotoa milivolti 750, si 30. Umbo linafanana kwa mbali. Hazibadilishani.

Pailoti inaanza vizuri asubuhi, baada ya saa moja inalegea. Nenda kaguse mtungi. Ukiwa na umande wa baridi au barafu, kosa si la pailoti. Mtungi wa kilo 13 hauwezi kugeuza kilo nzima ya gesi kwa saa, saa baada ya saa. Unapoa na presha inaanguka, hasa ile baridi ya Julai. Unganisha mitungi miwili pamoja au hamia wa kilo 50. Usimwagie mtungi maji ya moto, na usiuwekee jiko kando eti upate joto.

Kichwa kinauma ukiwa unaoka? Toka nje sasa hivi. Moto unaokosa hewa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Toboa matundu chini na juu ya ukuta, na bomba la moshi lipite nje ya bati, lisiishie darini.

Kuna wachache mtakaotaka kutumia biogesi, maana shirika la Umande Trust limejenga vituo vya choo na biogesi hapa Kibera. Wazo zuri, lakini biogesi ina nguvu ndogo na presha ndogo, kwa hiyo jeti ya gesi ya mtungi haitaiwasha vizuri. Tena ina salfa inayokula shaba. Tumia bomba la plastiki linalofaa gesi hadi karibu na kichomeo, na pailoti yenye jeti kubwa zaidi.

Gesi yenyewe inunue kwa muuzaji mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, mtungi ukiwa na sili, upimwe mbele yako. Mlipuko wa Embakasi wa usiku wa tarehe 1 Februari 2024 ulitokea kwenye kituo cha kujaza gesi ambacho EPRA ilisema ilikuwa imekataa maombi yake ya kujengwa mara tatu mwaka 2023. Mamia ya watu walijeruhiwa. Mtungi wa bei ya chini uliojazwa kichochoroni unatoka pahali kama hapo. Mwite pia mkaguzi wa moto wa kaunti kabla hajakuita yeye, na uwe na kizimamoto cha unga karibu na mlango, si nyuma ya oveni. Dharura ni 999 au 112.

Weka daftari dogo likining'inia ubavuni mwa oveni. Kila Jumatatu andika milivolti za themokapo. Ikianza 27, ikaja 24, ikaja 19, unajua inakuaga, na utainunua kabla ya Jumamosi ya maagizo ya keki. Siku hiyohiyo piga brashi laini kwenye tundu la hewa la pailoti. Unga huingia humo kila siku.

Na ukienda kununua themokapo, beba ile ya zamani mkononi. Urefu, nati na ncha hutofautiana kutoka mashine hadi mashine, na picha ya simu haioneshi uzi wa nati. Nunua mbili.